Iliyobaki Bakulini

Asumini, umeniuliza: nyumbani au saluni?
Kaa kwanza. Swali lako lina ndoo nne ndani yake.

Huku Newala juu maji hayaji yakiimba.
Yanakuja kwa baiskeli, madumu sita,
na bei inapanda kabla kilima hakijaisha.
Anayesuuza nywele mara tatu
ama amelipwa korosho zake
ama amechoka kuwa na busara.

Mimi nilikuwa yote mawili.

Nilianza kwa Tekla, nyuma ya soko.
Akanishika kichwa kama anayekagua papai.
"Nywele zako nyeusi tii, dada.
Nyekundu haikai juu ya giza. Lazima kwanza tuzichome."
Elfu hamsini, blichi ndani yake, maji juu yangu.
Kwenye kiti cha pili binti alikuwa anachomwa tayari,
machozi yanamtiririka, anacheka,
anaapa hasikii maumivu.
Nikasema nakwenda kuchukua hela.
Unajua maana yake.

Boksi, dukani kwa Nampanda, elfu sita.
Juu yake mwanamke kageuza shingo,
nywele rangi ya pilipili iliyosahauliwa mtini.
Maelekezo yote Kichina, na picha ya saa.
Basi nikaifuata saa.

Mafuta ya mgando masikioni, kanga kuukuu mabegani.
Glavu ya kushoto ilikuwa imetoboka:
wiki nzima kidole changu kidogo chekundu,
watu wananiuliza uchaguzi ulikuwa lini.
Mama ameketi juu ya kinu kilicholazwa, anachambua mbaazi,
kimya.
Kimya cha Mama kina miguu, kinakufuata hadi uani.

Nikasuuza.
Ndoo ya kwanza ilitoka kama nimechinja kuku,
ya pili chai ya rangi,
ya tatu nikaikatisha njiani, vyombo navyo vina haki.
Nikashika kioo.
Nyeusi.
Nyeusi ileile niliyozaliwa nayo,
ila sasa inanuka hospitali.

Ndipo Mama akaweka ungo chini.
"Hiyo iliyobaki bakulini unaimwaga?"
"Imebaki kidogo tu, Mama."
"Na maji umenunua. Nipake."

Ana miaka sabini na miwili.
Nywele zake fupi, nyeupe kama muhogo uliomenywa sasa hivi.
Nikampaka kwa mswaki wa zamani, polepole,
na nyuma ya sikio nikagusa mahali
nisipopagusa tangu nikiwa mgongoni mwake.
Kovu, dogo kama punje ya mtama.
Sikuuliza. Alijibu:
"Tulikuwa tunabangua korosho. Nikajikuna."
Miaka hamsini na kitu, na bado aliinua kidole
kama anayetaka kujikuna, akakirudisha.

Dakika thelathini. Ndoo ya nne.

Asumini, ilishika!
Ilishika kama kiberiti kilichoangukia nyasi za Septemba.
Pale kwangu rangi ilipogonga mlango usiku kucha,
kwake ilikuta nyumba wazi, mkeka umetandikwa.
Chingwile wa maji alisimamisha baiskeli, madumu yakagongana.
Mama akaomba kioo, akajitazama upande huu, upande ule,
akasema neno la Kimakonde ambalo sitakutafsiria,
akajitanda ushungi, akausogeza nyuma vidole viwili,
akaenda kununua chumvi.
Chumvi ilikuwapo.

Yangu? Ipo. Inaonekana saa sita mchana,
nikiinama kioski cha maji, jua likiwa mgongoni.
Mtoto mmoja tu ameiona, akamwambia mwenzake
mama huyu ana kutu.

Sasa unataka nikuchagulie.
Binti wa kwa Tekla nilimwona Ijumaa stendi:
nyekundu kweli, anang'aa, hana nywele za mbele.
Alikuwa na raha yake. Nisimsemee.
Mimi ninachojua ni kidogo:
jana Mama kaniuliza boksi limefika bei gani.
Nyeupe, anasema, imeanza kuchungulia.